Tunataka mkunga wetu atunukiwe udaktari wa heshima. Tuanzie wapi?

SWALI: Shikamoo Profesa. Mimi na wenzangu watatu tuliohitimu chuo kikuu kimoja tunatamani mkunga mmoja mstaafu atunukiwe udaktari wa heshima. Amefundisha wakunga kwa zaidi ya miaka thelathini, na vijitabu vyake vya mafunzo bado vinatumika katika vyuo vya uuguzi. Yeye mwenyewe hana shahada hata moja. Tunasikia heshima hizi ni za marais, matajiri na wanamuziki. Je, watu wa kawaida kama sisi tunaweza kumpendekeza mtu? Nani hasa huamua? Kuna malipo? Na tumwambie sasa au tusubiri?

JIBU: Marahaba. Ndiyo, mnaweza kumpendekeza, na ombi langu la kwanza ni kwamba msimwambie. Kama kuna mmoja wenu aliyekwisha kumdokezea binti yake au mjukuu wake, amwombe anyamaze. Sababu nitaieleza nikifika kwenye kura.

Nimekaa muda mrefu katika kamati zinazochambua mapendekezo ya namna hii, na kuna jambo ningependa mlishike kabla ya yote. Wengi wanaostahili hawakataliwi na mtu yeyote. Majina yao hayafiki mezani kabisa, kwa sababu kila aliyewafahamu alidhani kuna mwingine anayeshughulikia, au alidhani chuo chenyewe huzunguka kikitafuta watu wema. Chuo hakizunguki. Kamati husoma kilicholetwa. Wakubwa mnaowaona kwenye mahafali wamejaa pale kwa kiasi kikubwa kwa kuwa wao hawakosi mtu wa kuwaandikia, mwenye wasaidizi, karatasi nzuri na muda. Mkunga hana ofisi ya kumwandikia. Ndiyo maana nimefurahi sana kupata swali lenu.

Anzeni kwa kuomba kanuni za chuo mnachokikusudia, kwa Msajili au sekretarieti ya Seneti, yaani chombo kikuu cha taaluma chuoni. Kila chuo kina zake, na tofauti si ndogo. Kwanza hakikisheni kwamba chuo hicho kinatoa shahada za heshima, maana vipo visivyotoa kabisa: Stanford, MIT, Cornell na Chuo Kikuu cha Virginia, vyote vya Marekani, vina msimamo huo, ukiacha matukio machache sana ya zamani. Kisha tazameni nani anaruhusiwa kupendekeza. Vyuo vingi huwakubali wanataaluma wake, wahitimu wake na wajumbe wa Baraza, yaani chombo kinachosimamia uongozi wa chuo. Vingine hupokea jina kutoka kwa mtu yeyote, ilimradi ajaze fomu. Kama chuo chenu kinataka saini ya mwanataaluma, mtafuteni mhadhiri mmoja wa uuguzi au afya ya jamii aliyewahi kuvitumia vijitabu hivyo darasani. Huyo atakuwa na uzito kuliko profesa maarufu asiyemjua mama.

Someni pia orodha ya wasioruhusiwa. Kwa kawaida hakuna kujipendekeza mwenyewe. Watumishi wa chuo walio kazini na wajumbe wa Baraza hilo hilo huachwa nje, na vyuo vingi huwaacha nje wanasiasa walio madarakani na wagombea. Marehemu pia, kwa sehemu kubwa, hawatunukiwi. Hilo la mwisho lina uzito kwenu, kwa kuwa mnamzungumzia mstaafu.

Fomu itawauliza ni shahada ipi. Udaktari wa heshima wa Sheria umezoeleka kutolewa kwa utumishi wa umma kwa jumla, hata kwa asiyewahi kufungua kitabu cha sheria; wa Fasihi huwaendea waandishi, wasanii na watu wa elimu ya jamii na utamaduni; wa Sayansi huwaendea waliosukuma mbele maarifa au matumizi yake. Kwa mama yenu ningeandika Sayansi, kwa sababu mchango wake ni wa kufundisha taaluma ya tiba. Msisumbuke sana hapo lakini. Kamati hubadilisha aina ya shahada bila kumwangusha mtu.

Sasa jalada, yaani faili zima la pendekezo lenu. Hapa ndipo mtu hupandishwa au hupotezwa, nami nitakaa hapa kidogo.

Mjumbe wa kamati huenda hamjui kabisa mtu wenu. Anapewa rundo la majalada, anayasoma usiku kabla ya kikao, akiwa na mitihani ya kusahihisha. Kwenye majalada mengi anakutana na sentensi kama hii: “Mama huyu ni mcha Mungu, mnyenyekevu, mchapakazi, na jamii nzima inampenda.” Ataiamini yote, halafu hatajua aifanyie nini. Kila jalada lililoko mbele yake linasema hivyo hivyo.

Tazameni sentensi nyingine, mfano tu, mtaujaza kwa ukweli wa mama wenyewe: “Kabla yake, wanafunzi walifundishwa kwa mhadhara jinsi ya kumhudumia mzazi anayevuja damu baada ya kujifungua. Yeye aliliandika somo hilo upya kama zoezi la mikono: kuita msaada, kukanda mfuko wa uzazi, kutoa dawa ya kuufanya ukaze, kuhakikisha kondo limetoka lote, kila mwanafunzi akirudia mbele ya mwenzake hadi azoee. Zoezi hilo limo ukurasa wa nane wa kijitabu chake cha pili, na chuo hiki, hiki na hiki hulitumia hadi leo.” Hapo mjumbe amepata kitu cha kusema atakapopewa nafasi. Anajua kulikuwa na nini kabla, nini kilibadilika, nani alikibadilisha, na ushahidi uko wapi. Tena amepata ukurasa wa kuufungua.

Kwa hiyo tafuteni nakala za vijitabu. Tafuteni mwaka vilipotoka, matoleo yake, na majina ya vyuo vinavyovitumia, ikiwezekana mitaala iliyovitaja. Andikeni wasifu wake kwa mfuatano wa miaka bila mapambo. Hoja yenyewe ya kwa nini atunukiwe iwe kurasa mbili, zisizidi tatu, hata kama fomu inaruhusu zaidi. Halafu mzitafute barua za kuunga mkono kutoka kwa watu ambao hawana cha kufaidika. Barua ya mwanawe haitasaidia. Barua ya daktari bingwa wa uzazi aliyepokea wanafunzi wake wodini, akaona tofauti kati yao na wengine, hiyo kamati itaisoma mara mbili. Barua tatu za watu tofauti wanaoshuhudia mambo tofauti zinatosha. Barua kumi zilizonakiliwa kutoka moja huharibu, maana msomaji huhisi amepangiwa.

Mnaweza kukusanya vitu hivi bila kumwambia lengo? Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Vijitabu viko maktabani, na wanafunzi wake wapo. Wale mtakaowaomba barua waelezeni wazi kwamba jambo ni la siri.

Kutokuwa na shahada msikuone kama doa la kufichwa. Liandikeni waziwazi. Benjamin Franklin, mwanasayansi na mwanasiasa wa Marekani, alikaa shuleni miaka miwili tu utotoni, lakini Chuo Kikuu cha St Andrews kilimtunuku udaktari wa Sheria mwaka 1759 kwa majaribio yake ya umeme, na tangu hapo watu wakamwita Dk. Franklin. Kamati haitauliza alisoma wapi. Itauliza kama alichokifanya kina uzito wa kulinganishwa na kazi ya mtu aliyefika ngazi ya juu kabisa ya taaluma hiyo. Mjibuni swali hilo hata kama halikuandikwa kwenye fomu.

Likishapokelewa, jalada hupita kwanza kwa katibu wa kamati, ambaye huangalia kama limetimiza masharti. Kamati yenyewe mara nyingi huongozwa na Makamu Mkuu wa Chuo au profesa mwandamizi, ikiwa na wajumbe kutoka vitivo mbalimbali, na katika baadhi ya vyuo mjumbe mmoja au wawili wa Baraza au mwakilishi wa wanafunzi. Mazungumzo yake huzunguka maswali machache: ubora wa kazi, upana wa faida yake, uhusiano wa mtu na chuo au na yale chuo kinayoyathamini, na kama kuna jambo katika maisha yake litakalokuja kukiaibisha chuo. Wajumbe pia hutazama orodha ya miaka iliyopita. Wakiona wahandisi watatu mfululizo, au majina ya wanaume watupu, wengine watasema hivyo kwa sauti. Mkunga akiingia chumba hicho kwa jalada zuri, huwa na faida ambayo waziri hana.

Swali la aibu si la kubeza. Chuo Kikuu cha Edinburgh kilimtunuku Robert Mugabe, kiongozi wa Zimbabwe, mwaka 1984, kikaja kumvua mwaka 2007. Chuo Kikuu cha Massachusetts kilimtunuku mwaka 1986, na cha Michigan State mwaka 1990, na vyote viwili vikamvua mwaka 2008. Aliyetunukiwa miaka ya 1980 alikuwa kiongozi wa ukombozi aliyesifiwa kwa kupanua elimu. Aliyevuliwa alikuwa mtawala anayeshutumiwa kwa ukandamizaji. Funzo lililobaki katika kamati nyingi ni tahadhari kwa walio bado katikati ya madaraka yao, ambao hadithi yao haijaisha. Mama aliyemaliza utumishi wake, na ambaye wanafunzi wake wanaweza kuulizwa, hana hatari ya namna hiyo. Hata hivyo, kama kuna kesi, mgogoro au malalamiko yoyote mnayoyajua, yatajeni wenyewe na myaeleze. Kamati ikiyagundua peke yake, jalada zima hupoteza imani.

Mmesema mnasikia heshima hizi ni za wakubwa. Hamkusikia vibaya. Mojawapo ya shahada za heshima za kwanza kabisa zinazojulikana ilitolewa na Oxford mwishoni mwa miaka ya 1470 kwa Lionel Woodville, kasisi ambaye dada yake alikuwa malkia, mke wa Mfalme Edward IV. Kwa hiyo kishawishi cha kumpendeza mwenye nguvu kilizaliwa pamoja na desturi yenyewe. Msimamo wangu ni kwamba chuo kisimguse mfadhili wakati mazungumzo ya fedha zake yanaendelea, na kisimguse mwanasiasa kabla hajaondoka ofisini. Fedha zikishaingia kwenye chumba cha kamati, wote waliotunukiwa kabla na watakaotunukiwa baadaye hushushwa thamani, na mkunga wenu atakuwa mmoja wao. Wakuu wa vyuo vikuu vya Nijeria waliliona hili wakakubaliana mwaka 2012, katika tamko lililotolewa katika mji wa Keffi, kwamba viongozi walio madarakani wasitunukiwe, na waliotunukiwa wasijitangulizie jina la “Dk.”. Makubaliano ya namna hiyo hayajitekelezi yenyewe, lakini yanampa mjumbe mwoga mahali pa kusimama.

Kura katika kamati mara nyingi ni ya siri, na vyuo vingi havitosheki na wingi wa kawaida. Hudai theluthi mbili au zaidi, na kuna mahali ambapo kura chache tu za kupinga hutosha kulisimamisha jina. Likipita, huenda Seneti, halafu Baraza au bodi ya wadhamini, kwa mpangilio unaotofautiana. Mara nyingi ngazi hizo huidhinisha bila kelele, lakini si kila mara. Januari 1985, wanataaluma wa Oxford walipiga kura 738 dhidi ya 319 kumnyima Margaret Thatcher udaktari wa heshima, kwa hasira ya jinsi serikali yake ilivyopunguza fedha za elimu na utafiti. Alikuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, tena alisoma kemia hapo hapo. Mwaka 1992 Cambridge waligawanyika juu ya mwanafalsafa Jacques Derrida. Wapinzani walisema kazi yake haifikii viwango vya uwazi na umakini, jambo likafika kwenye magazeti, na mwishowe akapita kwa kura 336 dhidi ya 204.

Ndiyo sababu nimewaomba mnyamaze. Thatcher na Derrida walikuwa na ngozi ngumu. Walizoea kujadiliwa hadharani. Mama yenu hakuomba chochote. Akijua jina lake liko mezani, atasubiri mwaka mzima, na likikwama atabaki na jeraha asilolistahili, la kukataliwa na watu asiowajua kwa kitu ambacho hakukitaka. Majina mengi hukwama, na karibu yote hukwama bila mwenye jina kujua. Siri ipo kwa ajili yake, na inawapa wajumbe pia uhuru wa kusema ukweli. Nimewahi kuona pendekezo zuri likiondolewa mezani kwa sababu tu wapendekezaji walilitangaza mapema na simu za kushinikiza zikaanza kuingia. Msimtafute mjumbe yeyote pembeni. Msianzishe kampeni ya saini.

Likipita ngazi zote, Makamu Mkuu wa Chuo humwandikia mteuliwa barua ya faragha kumuuliza kama anakubali. Hapo ndipo anapojua, na ana haki ya kukataa kimya kimya. Jina hutangazwa baada ya yeye kukubali.

Jiandaeni pia kwa sharti la kuhudhuria. Vyuo vingi havimtunuku asiyefika. Mtunzi wa muziki Johannes Brahms alipewa nafasi hiyo na Cambridge katika miaka ya 1870, akaiacha kwa kutotaka safari ya Uingereza; Chuo Kikuu cha Breslau kilipomtunuku mwaka 1879 hakikumdai safari hiyo, naye akakishukuru kwa kukitungia kipande cha okestra. Kuna nyakati vyuo ndivyo humfuata mtu: Julai 1996 vyuo vikuu vinane vya Uingereza vilimtunuku Nelson Mandela kwa pamoja katika bustani ya Kasri la Buckingham, kuliko kumzungusha mzee kutoka mji hadi mji. Kama mama yenu ana shida ya kutembea, liandikeni kwenye fomu mapema. Ngazi za jukwaa na kusimama muda mrefu ni mambo yanayopangika chuo kikijulishwa.

Siku yenyewe, mtu mmoja wa chuo husimama na kusoma maelezo ya kazi ya mtunukiwa mbele ya wahitimu na wazazi wao, kisha Mkuu wa Chuo hutamka maneno ya kumtunuku. Maelezo hayo huandikwa kutokana na jalada. Nimesikia mara kadhaa sentensi nzima za mpendekezaji zikisomwa ukumbini bila kubadilishwa neno. Andikeni basi mkijua kwamba huenda mama akasikia maneno yenu hayo kwa masikio yake.

Kuhusu malipo, mteuliwa halipi na mpendekezaji halipi. Hakuna ada ya fomu wala “mchango wa mahafali”. Ukiona chuo, taasisi au mtu anayetaka fedha ili jina lipite, hiyo ni biashara ya karatasi. Wafanyabiashara hao hukodi ukumbi wenye heshima, wakati mwingine ndani ya chuo cha kweli, huvaa majoho, hupiga picha, na picha ndiyo bidhaa. Njia rahisi ya kuwatambua ni kumuuliza mdhibiti wa elimu ya juu wa nchi husika kama taasisi hiyo imesajiliwa na ina mamlaka ya kutoa shahada.

Je, ataitwa Daktari? Ndani ya chuo kilichomtunuku, siku ya sherehe na katika barua zao, bila shaka. Nje ya hapo, vyuo vingi huomba mtunukiwa asiitumie kama cheo cha kazi, na shahada ya heshima haimpi mtu leseni ya kutibu wala sifa ya kuajiriwa. Kwa mkunga hilo ni muhimu zaidi kuliko kwa mwanamuziki, kwa sababu mgonjwa anaweza kupotoshwa. Namna salama ni kuandika jina lake, kisha shahada na neno “heshima” kwenye mabano, pamoja na jina la chuo. Wanafunzi wake wakimwita Daktari kwa mapenzi, hakuna atakayeumia.

Hesabuni mwaka mmoja, pengine zaidi, tangu kuwasilisha hadi mahafali, kwa sababu kamati nyingi hukaa mara moja au mbili kwa mwaka. Likikwama hamtapewa sababu. Ulizeni tu kama kanuni zinaruhusu kulileta tena. Vyuo vingi huruhusu, na jalada lililoboreshwa kwa barua moja yenye nguvu limewahi kupita safari ya pili. Lakini kwa umri wa mama, msisubiri msimu ujao. Mmoja wenu aende kwa Msajili kuchukua kanuni na tarehe ya mwisho. Mwingine, yule mwenye subira ya maktaba, aanze na vijitabu: kila toleo, kila mwaka, na ukurasa mmoja katika kila kimoja ambao mkunga yeyote aliye kazini leo ataufungua na kusema, hili nilifundishwa hivi hivi.